Gari Langu Linadhani Bado Liko Bandarini

Msikilizaji, leo nimekuja na mshitakiwa. Nimemweka hapa mezani, pembeni ya maikrofoni, na kama redio ingekuwa na dirisha ungemwona: kidude cheusi cha plastiki, ukubwa wa daftari la madeni la muuza duka, mbele kioo, nyuma kikombe cha mpira cha kukibandikia kwenye kioo cha gari. Kwa jina anaitwa GPS. Kosa lake nitalisema, lakini kabla sijamsomea mashtaka acha nikupe kwanza habari za gari, maana ugomvi ulianzia huko.

Gari langu ni jipya. Sasa tuelewane. Kwetu sisi gari jipya ni lile lililoshuka melini kutoka Japani, wenyewe huko wameshalitumia miaka kumi na ushei, limechakaa kwa adabu, ila hapa nchini bado hajaliendesha mtu. Hilo ndilo jipya. Nalo lilikuja na kioo chake cha kuonyesha njia, kipo katikati ya dashibodi, maandishi yote ya Kijapani. Ukiwasha gari unaona ramani ya mji fulani wa pwani, mitaa imesukana kama mishipa ya jani, na kishale chekundu kimeganda ukingoni mwa bahari, pale lilipopakiwa melini. Gari limeshushwa Dar es Salaam, limelipiwa ushuru, limefungwa namba za Tanzania, limeshagongwa na bajaji mara mbili, lakini lenyewe linadhani bado liko bandarini kwao linasubiri meli.

Fundi wangu alikitazama kile kioo, akafuta mikono kwa tambara, akasema, "Bosi, hiyo usiiguse. Ukiigusa itaomba kodi, na kodi hatuna." Si kodi ya mapato, msikilizaji, hiyo anayo. Alimaanisha zile namba za siri ambazo mashine hizi huzidai ukishachomoa betri.

Kisha kuna mama. Kila asubuhi nikiwasha gari, sauti ya mwanamke inaniambia jambo kwa Kijapani, kwa upole wa mtu anayekukumbusha deni la ndugu yako. Miezi miwili nilidhani ananitakia safari njema. Siku moja nilimpa lifti mtu aliyewahi kusoma Japani, akasikiliza, akacheka mpaka akafungua dirisha. Kumbe mama anasema kadi haijachomekwa. Kwao barabara kuu zinalipiwa, na gari lina kisanduku cha kutia kadi ili getini likatwe pesa bila kusimama. Basi mama wa watu, kila alfajiri, kwenye foleni ya Ubungo, anaidai ile kadi.

Na redio je? Redio za FM za magari ya Japani ya miaka ile zinaanzia 76 na kukomea 90. Zetu zinapanda hadi 108. Kwa hiyo mpaka fundi aliponifungia kile kidude cha kuongezea mawimbi, mimi ninayekula kwa kusema redioni nilikuwa siwezi kujisikia ndani ya gari langu mwenyewe. Wapo watakaosema ilikuwa heri.

Basi, kwa kuwa kioo cha gari bado kiko Japani, ilipokuja safari ya Tabora, harusi ya binti wa dada yangu, nikaenda Kariakoo kununua huyu mshitakiwa. Muuzaji alimtoa kwenye boksi lililovalishwa nailoni. "Kaka, Afrika nzima imo humu. Mpaka vichochoro." Nikaamini. Sisi tunaamini sana nailoni.

Morogoro nikampitia mjomba. Mjomba wangu alikuwa dereva wa malori miaka ya themanini, akitoa tumbaku Tabora kuishusha Morogoro, na mpaka leo akikaa kiti cha abiria mguu wake wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo. Tulilala Dodoma. Njia nzima alikuwa akibishana na GPS. Inazungumza Kiingereza, sauti ya mwanamke pia, na kila ikisema jambo mjomba anauliza, "Huyu dada anakaa wapi? Ameshawahi kuendesha?" Nikamwambia hakai popote, mjomba, ni mashine. Akasema, "Basi asinifundishe Kibaigwa mimi."

Tukafika Manyoni asubuhi. Pale ndipo njia inapogawanyika. Ukinyoosha unakwenda Singida, halafu Shelui, Igunga, Nzega, ndipo ushuke kusini kuingia Tabora. Ukikata kushoto unakwenda Itigi. Mashine ikasema tunyooshe. Na mjomba, kwa mara ya kwanza tangu Morogoro, akaitikia kwa kichwa. "Kumbe huyu dada ana akili. Itigi si njia, mjomba, Itigi ni adhabu. Mchanga, vichaka, hakuna maji. Mwaka themanini na tano nililala mle siku nne. Nyoosha Singida, tushuke zetu Sekenke taratibu."

Nilikuwa na mashahidi wawili, wa zamani na wa kisasa, na wamekubaliana. Nani angebisha? Alibisha kijana mmoja, anauza asali kwenye chupa za maji, ameinamia dirisha la mjomba. "Shikamoo mzee. Mnakwenda Tabora? Kateni kushoto. Ni lami mpaka mjini."

Mjomba akamtazama kama anayetazama chupa ya asali iliyotiwa sukari. "Lami ya nani? Wewe umepita lini?"

"Juzi, mzee. Nilipanda basi."

Kimya. Mjomba akanunua chupa mbili, ambazo hakuzihitaji, maana tulikuwa tunakwenda Tabora, nyumbani kwa asali. Nikakata kushoto.

Nikupe hesabu, maana hapa ndipo shitaka lilipo. Kutoka Manyoni hadi Tabora kwa kupitia Singida, Shelui na Nzega ni kilomita kama 450. Kwa kupitia Itigi ni kama 260. Tofauti ya karibu kilomita 190, msikilizaji, pesa ya mafuta ambayo mtu anaweza kununulia mbuzi wa harusi, au angalau miguu yake. Barabara hiyo ilitiwa lami vipande vipande: Manyoni hadi Itigi na Chaya kilomita 89, Tabora hadi Nyahua 85, na katikati kikabaki kipande cha Chaya na Nyahua, kilomita 85 nyingine, ambacho ndicho kilichokamilishwa mwisho kabisa, miaka hii ya karibuni. Mashine yangu ilikuwa na kamstari kembamba mpaka Itigi, halafu kamstari kakakatika kama uzi. Kuanzia hapo kioo kikawa cheupe, na kishale chetu kikatembea juu ya weupe ule kama mdudu juu ya shuka. Dada wa Kiingereza akaanza kulia. Geuka. Geuka. Natafuta njia upya. Geuka. Chini ya matairi lami imenyooka, ina mistari meupe pembeni, na punda wawili wamesimama katikati yake kwa raha zao.

Hapa ningependa tusimame kidogo, maana watu wengi wanachanganya. Husema, "Setelaiti imenipoteza." Setelaiti haimpotezi mtu. Zile za GPS ziko juu, kilomita 20,200, zinazunguka, na zinachotuma hasa ni saa na mahali zilipo: sasa hivi ni wakati huu, na mimi niko hapa. Kifaa chako kinapokea saa za setelaiti nne au zaidi, kinapima tofauti ndogo ndogo za kuchelewa, kinapiga hesabu, kinajua kiko wapi. Basi. Setelaiti haijui barabara. Haijui Itigi wala Kariakoo. Barabara zimo kwenye ramani, na ramani ni faili lililowekwa ndani ya kifaa siku fulani, na mtu fulani, kutokana na taarifa alizozipata yeye mapema zaidi. Kwenye weupe ule tulipokuwa, mashine ilikuwa inajua tulipo kwa makosa ya mita chache tu. Haikukosea mahali. Ilichokuwa haijui ni kwamba mahali pale pana njia. Na badala ya kukiri, ikatuona sisi ndio tuliopotea.

Nchi tuliyokuwa tunaipita ina jina lake la zamani. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kwenda pwani na nguo na shanga kurudi bara waliiita Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba. Ni kipande kati ya Ugogo na Unyamwezi, msitu wa vichaka vilivyoshikana na maji ya kubahatisha, na misafara ilikuwa ikiingia mle na vibuyu vimejaa, ikipiga tirikeza, ule mwendo wa alasiri mpaka giza, ili kufika kwenye maji ya kesho. Walioshindwa waliachwa njiani. Ukitokeza upande wa pili unafika Tura, mlango wa Unyamwezi, halafu Rubuga, halafu Kigwa, halafu Tabora. Nilipoyataja majina haya mjomba akashangaa. Hakujua kwamba Tura yake ya kununulia mihogo imo kwenye vitabu vya Wazungu. Nami nikashangaa jambo jingine: kipande kilichowatisha wapagazi karne ya kumi na tisa kipo upande ule ule wa kipande kilichokuwa cha mwisho kupata lami katika karne yetu. Nchi ile imekuwa ngumu kwa kila aliyeijia, na mwisho ikawa ngumu kwa mchora ramani.

Sasa nikuletee kesi ya zamani iliyofanana na hii, maana mshitakiwa wangu ana babu.

Mwaka 1854 mmisionari Mjerumani, Jakob Erhardt, alikaa Tanga miezi kadhaa. Mwenzake, Johannes Rebmann, alikuwa Rabai, karibu na Mombasa. Huyu ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 na wasomi wa Ulaya wakamcheka. Erhardt kwenda bara ya mbali hakwenda. Alikaa pwani akauliza. Aliwauliza watu wa misafara, wale wanaoishika njia ya kaskazini kutoka pwani ya Tanga na Pangani: mwisho wa safari kuna nini? Kuna ziwa, ng'ambo yake haionekani. Wanaopita katikati, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji: kuna nini? Kuna ziwa, ng'ambo yake ni mbali. Na wa njia ya kusini, ya Kilwa: kuna ziwa pia. Erhardt na mwenzake wakakaa na karatasi zao, wakaona: njia tatu zinaenda bara, na zote zinaishia kwenye maji makubwa. Basi maji ni yale yale. Wakachora bahari moja ndani ya Afrika, imejinyoosha kutoka karibu na ikweta mpaka Nyasa kusini, nene kichwani, imepinda, mkia mwembamba. Wakaiita Bahari ya Unyamwezi. Ramani ikachapishwa London mwaka 1856 katika majarida ya Shirika la Kijiografia la Kifalme, na wenye macho wakasema hiyo si bahari, ni koa, yule konokono asiye na gamba. Mpaka leo wanahistoria wanaiita ramani ya koa.

Ramani hiyo, pamoja na ucheshi wake, iligharimu. Kwa sehemu ndiyo iliyowafanya wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, watumwe. Walitoka pwani Juni 1857, wakapita Mgunda Mkali kama sisi ila bila asali, na tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134, wakaingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora. Mwenyeji wao alikuwa mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, mtu aliyewahi kufika Ujiji upande wa magharibi na Buganda upande wa kaskazini. Speke anasimulia kwamba alimfungulia Snay ile ramani ya wamisionari. Na Snay, bila chombo chochote cha kupimia, akaivunja vipande vitatu. Hili ni ziwa la Ujiji. Nyasa ni jingine, liko kusini. Na hili la kaskazini ni jingine kabisa, tena ni kubwa kuliko la Ujiji. Mwaka uliofuata Speke akaifuata kauli hiyo kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa ambalo watu wake walikuwa na majina yao ya kuliita; akalipachika la malkia wake.

Ninachokipenda katika kesi hii ni kwamba hakuna aliyesema uongo. Mtu wa Kilwa alisema kweli. Wa Bagamoyo alisema kweli. Wa Tanga pia. Uongo ulizaliwa mezani, pale kweli tatu zilipogundishwa na mtu ambaye hakupita hata njia moja kati ya zile. Na ulifia njia panda, nyumbani kwa mtu anayekaa mahali ambapo njia ya Ujiji, ya Buganda na ya pwani zinakutana, kwa hiyo kila habari inamfikia kwa mdomo wake yenyewe. Tabora ilikuwa hivyo. Misafara miwili ikikutana njiani, jambo la kwanza lilikuwa kupeana habari za njia: maji yako wapi, chifu gani amepandisha hongo ya kupita, nani anapigana na nani. Sisi tumebaki na salamu tu. "Habari za utokako?" "Nzuri." Tumekwisha. Wakati ule jibu la "nzuri" lingeweza kuua watu hamsini kwa kiu.

Mwaka 1871 habari za njia zilikuwa si nzuri. Mwandishi wa habari Stanley alifika Unyanyembe, ndiyo nchi ya Tabora, akitaka kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone, na njia ya kawaida kuelekea magharibi ikawa imefungwa na Mirambo wa Urambo, aliyekuwa vitani na Waarabu wa Tabora. Stanley akajiunga na Waarabu vitani, wakashindwa, na sehemu ya Tabora ikachomwa moto. Ndipo akashika njia ya kuzunguka kusini, kupitia Ukonongo, kisha akapanda kaskazini kuvuka Malagarasi, akafika Ujiji Novemba. Hakuna ramani iliyokuwa na Mirambo ndani yake. Vita, mafuriko, daraja lililokatika, kizuizi cha barabarani, hivi havichoreki, vinasemwa tu.

Na Kazeh yenyewe? Miaka kumi na minne tu baada ya Burton, Stanley aliandika kwamba hakuna mahali panapotambulika kwa jina hilo. Jina lilikuwa kwenye kila ramani ya Ulaya, na pale penyewe halipo. Nenda leo ukaulize watu wa Ng'ambo, Isevya au Kanyenye, watakuuliza Kazeh ndiyo baa mpya? Ila Kwihara ipo, nje kidogo ya mji, na tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 lilijengwa upya na kufanywa makumbusho. Mjomba aliwahi kulipita mara mia na lori, hakuwahi kuingia. Alisema alidhani ni zizi.

Tukaingia Tabora saa kumi na nusu, jua limelala kwenye miembe. Mashine, baada ya kulia tangu Itigi, ilikuwa imenyamaza. Ilipoona mitaa ikafufuka kwa furaha, ikatuongoza kona tatu, ikatangaza kwamba tumefika. Mbele yetu palikuwa na mwembe na mbuzi. Mjomba akachukua usukani wa maneno. "Achana naye, nifuate mimi, mji huu naujua." Dakika ishirini baadaye tulikuwa mbele ya ukuta wa shule, mahali ambapo kwa mjomba kulikuwa na njia ya kukatizia kwenda Chemchem. Aliushika ule ukuta kwa kiganja. "Wamejenga," akasema. Nilimwonea huruma. Mbele ya gari lile nilikuwa nimebeba ramani mbili kuukuu, moja ina betri na nyingine ina kisukari, na zote mbili zilikuwa na uhakika.

Tulifikaje? Dada yangu alituma ujumbe wa sauti. "Rudini mpaka Kitete, hapo hospitali. Nyoosheni, mtaona mashine ya kusaga, bati lake jipya. Kata kulia. Kuna mama anauza vitumbua, muulizeni nyumba ya harusi, ila mkimkuta amefunga, sikilizeni muziki." Mama alikuwa amefunga. Tulisikiliza muziki.

Nyumba ya dada ina kibao cha namba mlangoni, na mwanzo wa mtaa pana nguzo yenye jina la mtaa, vyote vya ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kabla ya sensa. Ni kazi kubwa iliyofanyika nchi nzima, sijui kwa nini hatuisifu. Lakini dada mwenyewe, mwenye namba mlangoni, alipotuelekeza alituelekeza kwa bati na vitumbua.

Usiku, ngoma zimetulia, nikamkagua mshitakiwa. Mnunuzi wa ng'ombe mnadani hafuati maneno ya muuzaji. Anafungua kinywa anatazama meno. Ramani nayo ina meno. Nikaandika Mpanda. Ikaniambia: Mpanda, mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, na Mpanda ndiyo makao makuu yake. Nikaandika Kaliua: ikaiweka wilaya ya Urambo, na Kaliua ni wilaya kamili tangu mwaka ule ule. Nikasogeza kidole magharibi mpaka Malagarasi: Daraja la Kikwete halimo. Umri umejulikana. Boksi lile la nailoni lilikuwa na kifaa kitoto na ramani mhenga. Anayeuza anahesabu umri tangu boksi lilipofungwa. Msafiri anatakiwa ahesabu tangu mtu wa mwisho alipopita njia.

Nilimpigia muuzaji. Alikuwa mkarimu. "Kaka, apdeti ipo, inalipiwa." Bei aliyonitajia ningeongeza kidogo nikanunua kingine. Na ramani ya nchi zetu, akaongeza kwa sauti ya chini, hata humo ni hiyo hiyo. Simlaumu sana. Kampuni za ramani hupeleka magari yao ya kupiga picha mitaa pale wateja walipo wengi, na Nyahua si mahali penye wateja. Reli ya kisasa inajengwa kuja Tabora, na kutoka Tabora kuendelea Isaka, Mwanza na Kigoma. Ikikamilika itazikuta ramani hizi zimelala vile vile, kwenye reli ya Mjerumani iliyofika Tabora mwaka 1912.

Mpwa wangu, mdogo wake bibi harusi, yuko chuo. Akaniona nimeinamia kile kioo akanicheka kwa heshima, mkono mdomoni. "Mjomba, ungetumia simu." Akanifungulia ramani ya OpenStreetMap, ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuirekebisha. Ni ya bure. Dar es Salaam tangu mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wenzao, kwa mradi wa Ramani Huria, walizunguka na watu wa mitaa wakichora nyumba, mitaro na vichochoro vya maeneo yanayofurika, Tandale ikiwemo, mahali ambapo ramani za kuuza zilikuwa zinaonyesha uwanda mtupu. Akaitafuta barabara yetu. Ipo, kutoka Manyoni hadi Tabora, haina mkatiko. Mtu fulani aliyepita aliiweka.

"Unaweza kuongeza kitu," akasema. Nikamwambia tuweke mashine ya kusaga. Tukatoka nje na simu, tukasimama mbele ya lile bati jipya saa nne ya usiku kama wezi wa mahindi, akaniwekea kidole, akaandika: mashine ya kusaga. Ikaingia. Nilijisikia kama Snay bin Amir. Ila tulipokuwa tunarudi nikakumbuka kwamba mwenye mashine, kwa maneno ya dada, anataka kuhamia Ipuli, umeme wa pale unamsumbua. Kwa hiyo mwakani kuna msafiri atafika kwenye kona ile, simu itamwambia kata kulia penye mashine, na mashine haipo, naye atamlaani mtu asiyemjua. Huyo mtu ni mimi. Nimwombe radhi mapema.

Asubuhi ya kurudi tulipita Manyoni. Yule kijana wa asali alikuwepo. Mjomba akashusha kioo kabla hajasalimiwa. "Vipi, njia ya Dodoma?" Akaambiwa kuna lori limelala mbele, wanapitisha upande mmoja, tusikimbie. Mjomba naye akampa za kwetu: punda, na mchimbo wa bomba mara tu ukipita Chaya, mwambie anayekuja ashike kulia. Walizungumza dakika tano nzima. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu Morogoro mjomba kumwuliza mtu mwingine njia.

Dodoma tulisimama kupata chai. Tuliporudi garini nikawasha, na yule mama wa Kijapani akasema la kwake, la kadi, kwa upole ule ule. Kishale chekundu kiko pale pale ukingoni mwa bahari. Mjomba alikuwa anafunga mkanda. Akainama kuelekea dashibodi, kama mtu anayemsogelea mgeni asiyesikia vizuri.

"Mwangaluka, mayo," akamwambia. "Umeshapita Itigi."